Baada ya Kurudisha Mabegi

Kwa miaka minne nilikuwa mwelimishaji rika kwenye mradi wa Ukimwi hapa Tunduma. Kabla ya hapo nilikuwa mhudumu wa baa, na virusi nilivipatia huko. Wanawake wa baa walinisikiliza kwa sababu walinijua.

Mmoja wao alifanya kazi kwenye baa ya mtaa wa Chapwa, kwao kijiji cha Ndalambo. Nilimpima mwenyewe chumbani kwake, nikamwanzishia safari ya dawa. Dawa alizichukulia kwenye kituo chetu, nyumba ya kupanga yenye mlango wa uani, ambako muuguzi alikuja kila Alhamisi. Kituo cha afya cha serikali hakukanyaga, maana wifi yake alikuwa mfanya usafi pale.

Asubuhi moja tuliitwa ofisini. Msimamizi wetu alisoma barua kwamba mradi umesimama kuanzia siku hiyo. Tukarudisha mabegi, madaftari na maboksi ya kondomu.

"Na watu wetu?" nikauliza.

"Waambieni waende kituo cha afya. Dawa zipo."

Kweli zilikuwepo. Nilimfuata yule binti Chapwa nikamweleza. Nikamwambia nitakaa naye kwenye foleni mpaka ahudumiwe.

"Dada, wewe umeshazoea kutazamwa," alinijibu. "Mimi siwezi."

Nilikuwa nimepoteza kazi wiki hiyo, nina uchungu wangu. Nikamwambia, "Basi kaa na aibu yako uone itakupeleka wapi." Nikaondoka. Maneno hayo niliyasema mimi, hakunituma mtu.

Nikaanza kuuza viazi karibu na foleni ya malori ya mpakani. Sikumtafuta. Nilijiambia si kazi yangu tena. Miezi ikapita, hadi mwenye baa yake alipokuja kununua viazi akanieleza kwamba yule binti amerudi kwao, anakohoa, na sketi inamvuka.

Kesho yake nilikwenda Ndalambo. Nilimkuta mama yake uani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikasema mimi ni rafiki wa binti yake. Akanionyesha mlango bila kuuliza zaidi. Ndani, yule niliyemzoea na kicheko chake alikuwa amelala kando ya ukuta, magoti makubwa kuliko mapaja. Vidonge alikuwa ameviacha tangu vile vya mwisho vya kituoni vilipokwisha.

"Nisamehe, mdogo wangu," nilisema.

"Nipeleke," alijibu. Hilo tu.

Tulimpeleka hospitali kwa bodaboda, nimemshikilia kwa nyuma, mama yake kwenye pikipiki nyingine. Tulisimama mara nyingi apumue. Daktari alisema ni kifua kikuu na kwamba tumechelewa, ila watajaribu.

Siku ya tatu alimwita mama yake akamwambia kila kitu, kwa Kinamwanga, lugha ya kwao. Mimi ni Mnyiha, nilishika maneno machache. Nilikaa nikisubiri mama apige kelele au atoke nje. Hakufanya hivyo. Alichukua beseni akamwosha miguu, kisha akanigeukia.

"Mwanangu alikuwa ananiogopa mimi?"

"Aliogopa watu, mama."

"Watu gani?"

Nilishindwa kumtaja wifi, mwanamke ambaye huenda asingesema neno lolote. Tulikuwa tumemwogopa bila hata kumjaribu.

Binti alifariki wiki iliyofuata, mchana, wakati mama yake amekwenda kutafuta uji. Tulimzika Ndalambo. Mchungaji alisema ni kifua, na mama hakumsahihisha.

Niliporudi Tunduma nilikaa kitandani nikawakumbuka wengine mmoja mmoja, kwa kuwa daftari sikuwa nalo. Nikaenda kumtafuta mwanamke aliyekuwa akichukua dawa kwetu, tena akiwa na mimba wakati mradi unasimama. Mlango wake ulikuwa na kufuli. Jirani aliyekuwa akianika nguo alisema amevuka mpaka kwenda Zambia kitambo, hakuacha namba ya simu.

"Alipoondoka alikuwa na mtoto?" nikauliza.

"Alikuwa naye," akasema, akaendelea kuanika nguo.