Wali wa Watu Watatu

Jamani, nilivyokuwa na kiherehere siku ile! Afisa ustawi wa jamii alinipeleka Kerege kwa mama mmoja na mumewe, ambao hawakujaaliwa mtoto, nikae nao kwa majaribio. Tukipendana, hapo ndipo kwetu moja kwa moja. Tusipopendana, narudi kituo cha watoto Bagamoyo, na umri wangu wa kutoka pale ulishaanza kubisha hodi. Nani angenichukua tena, jitu zima la miaka kumi na saba?

Kituoni walitufundisha maisha: kushona, kuweka akiba, kumjibu tajiri bila kununa. Hilo la kununa lilinishinda, lakini jikoni nilikuwa fundi. Zamu yangu ikifika, watoto walilamba sahani. Basi yule mama alipokuwa anatoka kwenda msibani, nikamwambia, "Mama, chakula cha leo niachie mimi."

"Haya mwanangu, mchele umo kwenye ndoo."

Nikakuna nazi kwa furaha. Sufuria ya kwanza ikajaa, nikatafuta nyingine, kisha nikaazima kubwa kwa jirani. Wala sikushtuka! Tangu nizaliwe sikuwahi kupikia watu watatu. Kupika nilikokujua mimi ni ndoo nzima.

Mama akarudi, akafunua sufuria moja baada ya nyingine. "Yarabi! Mchele wa mwezi mzima!"

Nikakimbilia chumbani kufunga nguo zangu, nalia kwa hasira. Nimeshajifukuza mwenyewe!

Mara namsikia uani anacheka, anaita majirani waje na sahani. Wakaja kweli, wengine na watoto mgongoni. Mmoja akauliza, "Kuna shughuli gani hapa, mbona hatukualikwa?"

"Binti yangu kaja nyumbani," mama akajibu. "Na wali kapika mwenyewe."

Nikatoka mbio, mfuko wa nguo bado mkononi. Mama akauona, akaninyang'anya, akanikabidhi kisufuria kidogo. "Acha upuuzi wako. Kuanzia kesho utapika kwenye hiki. Na ole wako uunguze, nitakufinya!"

Kunifinya! Kituoni ukikosea unaandikiwa ripoti. Anayefinywa ni mtoto wa mtu. Nilikula wali ule huku nacheka mpaka nikapaliwa.

Kesho yake niliunguza kidogo, kusudi. Nikafinywa.