Bolti Si Viazi

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka hata nikiwa kanisani, na aliyeketi karibu nami hunigeukia akidhani nimeingiwa na wazimu. Ni siku tuliyokwenda kumposea kaka yangu Kamau kule Bahati, tukiwa tumevaa vizuri sana na tumechelewa vibaya sana. Nakusimulia kwa sababu jana nilikuona umeinama juu ya injini ya gari la baba yako, mikono myeusi mpaka viwikoni, kisha ukaitupa spana chini na kuapa hutaigusa injini tena. Keti hapo. Chai ingali moto kwenye chupa, na mimi leo sina haraka.

Wakati ule nilikuwa msichana tu, tukikaa Molo, shamba lile lile la viazi unalolijua. Baba yetu alikuwa amefariki na kutuachia pikapu iliyonizidi umri. Kamau hakupenda grisi, alipenda viatu vyake. Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikiichokora ile pikapu. Nikabadilisha plagi, ikawaka. Nikabadilisha fan belti, ikawaka. Majirani wakaanza kusema kwamba Nakuru nzima haina fundi kama mimi. Unajua wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifa zile zilinipanda kichwani nikawa natembea na spana mfukoni hata nikienda dukani kununua chumvi.

Basi wiki ya posa, pampu ya maji ikaanza kulia na kudondosha maji. Hiyo pampu, kama umesahau, ndiyo inayozungusha maji ndani ya injini isiungue. Ikifa hiyo, safari imekufa. Nasi tulikuwa tumeshaahirisha safari ya Bahati mara moja kwa sababu ya gari hilo hilo, na wazee wa upande wa msichana walikuwa wametuma neno kwamba watu wasioweza kufika hawawezi kulea mtoto wa wenyewe. Tukikosa tena, Wairimu wake Kamau angebaki kwao, na maneno yangeishia hapo. Kamau alikuwa halali wala hali, na kwa mtu aliyependa chakula kama yeye, hilo lilikuwa jambo la kutisha.

"Tukodi gari," akaniambia.

"Ukodi gari na mimi niko? Wacha nifungue," nikamjibu.

Nikashuka Nakuru nikaleta pampu mpya. Nilipoanza kufungua ile ya zamani, Baba Mkubwa Gitau akaja akasimama kwenye ua. Huyo alikuwa kaka yake baba, dereva wa malori mstaafu, mtu aliyekula nusu ya milo ya maisha yake pale Salgaa, kituo cha malori njiani kwenda Nakuru. Akaniuliza, "Nije nikuonyeshe?" Nikamwambia niko sawa. Akasema, "Haya basi," akarudi kwa ng'ombe wake. Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona nikiuliza nitavuliwa ufundi wangu mbele ya kijiji.

Sasa sikiliza, kosa lenyewe ndilo hili. Sisi watu wa Molo tuna ugonjwa wetu. Ukitumwagia kitu chochote mbele yetu, tunakipanga kwa ukubwa. Tumelelewa hivyo. Viazi vikubwa huku, viende sokoni. Vya kadiri pale, viwe mbegu. Vidogo kando, vya jikoni na vya ng'ombe. Mikono inajifanyia yenyewe, hata ukiwa unapiga porojo. Basi kila nilipofungua bolti niliiweka juu ya gunia nililotandika, ndefu na ndefu wenzake, fupi na fupi wenzake. Mama akatoka jikoni akanisifu kwa usafi. Nami nilisimama nikaziangalia zile chungu zangu nikajiona nimemaliza kazi.

Kumbe bolti za pampu ile hazikuwa sawa. Tofauti ilikuwa ndogo, upana wa ukucha, na kila moja ilikuwa na tundu lake. Nilipotaka kuzirudisha, nikajua ipi ni ndefu na ipi ni fupi, lakini ilikotoka sikujua hata moja. Nikazirudisha kwa kukisia. Zote ziliingia, zote zikakaza, na hakuna iliyobaki mkononi. Mimi nilidhani fundi mbaya ni yule anayebakisha bolti. Nikawasha gari, likanguruma, nikalizungusha uwanjani, kuku wakatawanyika, na Mama akapiga kigelegele.

Jumamosi tukaomba Mungu, tukaondoka. Wazee walikaa nyuma kwenye mabenchi, wamejifunga makoti kwa ile baridi ya Molo, Baba Mkubwa Gitau katikati yao maana ndiye aliyekuwa msemaji wetu. Miguuni mwao zilikuwa zawadi: mablanketi, sukari, na katoni moja kubwa ya majani chai kwa bibi yake Wairimu, ambaye wote walimwita Cucu. Mimi niliendesha, Kamau kando yangu ndani ya suti, akinong'ona hotuba ambayo hakuna aliyemwomba aitoe.

Hatujafika hata barabara kuu, nikaona mshale wa joto unapanda. Niliuona kwa macho yangu haya mawili. Unafikiri nilisimamisha gari? Nilivua leso yangu ya shingoni nikaitupa juu ya dashibodi, ikaufunika mshale, nikaendelea kuendesha huku nikimsifu Kamau kwa tai yake.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Tulipoingia Salgaa, mvuke ukafoka kutoka kwenye boneti kama sufuria ya githeri iliyosahaulika jikoni. Madereva wa malori wakaja mbio. "Madam, zima! Zima hiyo gari!" Wazee wetu wakateremka mmoja mmoja wakikung'uta makoti. Na katikati ya purukushani hiyo simu ya Kamau ikalia, ile ya vitufe vya kubonyeza. Alikuwa mjomba wake Wairimu, anauliza tumefika wapi.

"Tuko hapa Nakuru tu, tunaingia," akasema Kamau, na papo hapo lori moja likapiga honi hapo nyuma yake mpaka akaziba sikio.

Dereva mmoja akainama, akatazama maji yakichuruzika chini ya pampu. "Nani alifunga hii kitu?" akauliza. Kamau alinitazama, akatazama viatu vyake, akasema, "Ni fundi fulani wa Nakuru." Alinifichia aibu, maskini kaka yangu. Nami nikamwacha anifichie. Hapo ndipo machozi yaliponitoka, mwanangu, maana niliona wazi kwamba nimemvunjia mtu ndoa kwa spana.

Baba Mkubwa Gitau akanivuta kando. Hakunipigia kelele. Alivua koti lake zuri, akalikunja kwa utaratibu, akampa Kamau alishike.

"Fungua tena," akaniambia.

"Siwezi, Baba Mkubwa. Nitaharibu zaidi. Tutafute fundi, hapa wako wengi."

"Fundi mwingine ataanza kutafuta shida iko wapi. Wewe ulikuwa hapo ikiharibika. Nani anajua hii kosa kuliko wewe?"

Hilo neno lilinipiga. Nilikuwa nikidhani mtu akikosea ndiye wa kwanza kuondolewa kazini. Yeye alinionyesha kwamba aliyekosea ndiye aliye karibu zaidi na jibu, kama hatakimbia. Nikamweleza yote, juu ya gunia, chungu za bolti, na kukisia kwangu. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Umepanga bolti kama waru, kama viazi vya sokoni!"

Akaingia hotelini ambako wazee wengine walikuwa wameshaagiza chai, akatoka na kiazi kibichi kikubwa kilichokuwa kinangoja kufanywa chipsi. Akakikata katikati kwa kisu cha jikoni. Injini ilipopoa nikafungua pampu. Akanifundisha kuchomeka kila bolti kwenye tundu lake kwa vidole tu kabla ya spana yoyote, niangalie zinavyosimama. Zikisimama sawa, ziko kwao. Ikichomoza moja kuliko wenzake, hapo si kwao. Nikazipata zile zilizokuwa zimebadilishana nyumba: moja ndefu ilikuwa imegota mwisho wa tundu fupi, inajifanya imekaza na kumbe haijashika kitu. Kila nilipoipata ya mahali pake niliichomeka kwenye uso wa kile kiazi, kwa mpango ule ule wa pampu, ili nisipotee tena.

"Viazi panga kwa ukubwa," akasema Baba Mkubwa. "Bolti panga kwa mahali zilitoka. Na watu pia."

Lakini gasketi, ile karatasi ngumu inayozuia maji kati ya pampu na injini, ilikuwa imechanika. Baba Mkubwa akatazama huku na huku, kisha akapanda nyuma ya pikapu, akakata kipande kwenye ubavu wa ile katoni ya majani chai. Kamau akaruka.

"Hiyo ni zawadi ya Cucu!"

"Na hii ni gari ya kumfikishia."

Nikakikata kile kipande kwa umbo la pampu, nikakipaka grisi, nikafunga, nikatia maji. Halikudondoka tone. Madereva wakanipigia makofi, na safari hii sikusikia utamu wowote wa makofi, nilikuwa natazama mshale. Leso niliirudisha shingoni ilikotoka.

Tulifika Bahati jua limeshapinda. Wenyeji walitupokea kwa nyuso za watu waliopasha chakula moto mara nyingi mno. Tukaketi, zawadi zikaletwa mbele, na Cucu akaivuta katoni yake. Akatia mkono kwenye lile tundu la ajabu, akatoa pakiti ya majani chai bila kufungua juu.

"Nani alikata mzigo yangu?"

Kamau akakohoa. "Ni panya, Cucu. Panya wa dukani."

Cucu akalipitishia kidole lile tundu, lililokatwa kwa kisu, lenye kingo safi na pembe zake. Akasema panya huyo amesoma. Hakuna aliyethubutu kucheka. Nikamwona Wairimu mlangoni ameshika sinia, uso umemsawijika, nami nikajua kwamba ule uongo mdogo ungeingia katika ndoa yao ukae humo kama ile bolti ndefu, unajifanya umekaza. Nikasimama.

"Cucu, si panya. Ni mimi." Nikasema yote kwa mdomo wangu, tangu gunia la viazi mpaka leso juu ya mshale, mpaka kile kiazi cha Salgaa. Nikaionyesha mikono yangu, maana grisi ilikuwa ingali chini ya kucha. Na kuhusu Nakuru, nikasema, tulipowaambia tuko Nakuru tulikuwa Salgaa, wazee wakinywa chai.

Cucu akaishika mikono yangu akaigeuza huku na huku. Aliichunguza ukucha kwa ukucha mpaka nikamwona Kamau ameanza kuaga dunia ndani ya suti yake. Kisha akawageukia wazee wa kwao.

"Wageni wote huja hapa na sifa zao. Huyu amekuja na kosa yake, na ameibeba mwenyewe. Mtoto wetu akikosea kwa hawa watu, hawatamfukuza. Leteni chakula."

Nyumba ikalipuka kwa vicheko. Mjomba yule wa simu alicheka mpaka akamwaga uji. Kamau akapata mke, na Wairimu, ambaye wewe unamwita shangazi na unampenda kwa maandazi yake, mpaka leo akinipigia simu huanza hivi: "Panya, habari ya Molo?"

Sasa mwanangu, nakuambia waziwazi ninachotaka ushike. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Umekosea jana, sawa, na bado utakosea, maana mikono isiyokosea ni ile iliyokaa mfukoni. Ila usikimbie ulipokosea, kwani hakuna anayepajua kama wewe. Mzee akisimama kwenye ua akuulize kama aje akuonyeshe, mwambie njoo, hata kama unajua. Atakuonyesha usichojua kwamba hujui. Ukiona mshale unapanda, katika gari au katika nyumba yako siku moja, usiufunike kwa leso. Na kosa lako liseme wewe mwenyewe lingali moto, kabla halijapata mtu wa kulisema kwa ajili yako, maana huyo atakutafutia panya. Mimi nimefungua injini nyingi tangu siku ile, na nimekosea katika nyingi, lakini sijawahi tena kulala na kosa lililofunikwa.

Mungu wa baba zako aibariki hiyo mikono myeusi. Akupe kazi itakayokuchosha na usingizi utakaokutosha. Akuweke mahali ulipoumbiwa, ushike barabara, usiwe wa kujifanya umekaza. Na siku injini yako itakapochemka mbele ya watu, akuletee mtu wa kuvua koti lake na kukuambia fungua tena.

Haya, maliza chai uokote spana yako. Kiazi nitakikata mimi.