Kidole cha Mavyaa na Dawa ya Ufizi

Kuna siku moja ya Ijumaa, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Ukiniona nimempakata mjukuu nikanyamaza ghafla, jua nimerudi huko. Leo nimeona katika mfuko wa mtoto wako ile tyubu ya dawa ya ufizi yenye picha ya jino linalocheka, nikasema huyu simwachi aende hivi hivi. Kaa kitako. Chai itapoa, haidhuru.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimeolewa Mtopanga, miaka ya themanini ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na katika nyumba ile hakuna mwanamke mwingine aliyefika hapo. Elimu yenyewe ilikuwa ndogo, maringo yake ndiyo yaliyokuwa makubwa. Tulikaa na mavyaa wangu, mamake mume wangu, Bi Mwanatumu. Alikuwa mjane mpole, mla tambuu wa asubuhi na jioni, na kidole chake cha shahada kilikuwa chekundu siku zote kwa katu na chokaa.

Binti yangu wa kwanza, Rukia, alipotimiza miezi minne alianza kutoa udenda na kulia. Mavyaa alikuwa na njia yake. Ananawa kwa sabuni mpaka viwikoni, anachovya pembe ya kitambaa safi katika maji yaliyochemshwa yakapoa mtungini, anampa mtoto atafune. Kisha anamsugua ufizi polepole kwa kile kidole. Mtoto hutulia, hulia tena kidogo, hutulia. Mimi nilikuwa nikikitazama kidole chekundu kinywani mwa mwanangu nikiona kinyaa. Sikuthubutu kumkataza, lakini nilimpokonya mtoto kila nilipopata kisingizio.

Basi nikaenda duka la dawa nikanunua tyubu kama hiyo yako. Duka lilikuwa limejaa watu. Muuzaji hakuniuliza umri wa mtoto, wala mimi sikumwambia. Ndani ya boksi mlikuwa na karatasi iliyojaa maandishi madogo. Niliikunja nikaisokomeza chini ya mguu wa meza yetu uliokuwa ukichezacheza. Naam, mwanangu, na msomi wa nyumba ni mimi.

Nilipompaka mara ya kwanza, alinyamaza kabla sijarudisha kifuniko. Niliona nimeshinda. Tangu hapo, akilia nampaka. Dawa ikitoka na udenda, nampaka tena. Akitaka kulala, nampaka; kabla hajanyonya, nampaka. Siku ya tatu alikuwa ananyonya kivivu, maziwa yanamtoka pembeni mwa mdomo, nami nikajiambia ameshiba.

Mavyaa aliliona hilo. Akaniita.

"Abee, Mama."

"Mwanangu, kitu kimnyamazishacho mtoto hima namna hii, ni bora kukiuliza kimemfanyani. Mna nini humo ndani?"

"Ni dawa ya kisasa, Mama. Yote yameandikwa."

"Basi ndoo unisomee. Mato yangu hayajui herufi, lakini masikio ninayo."

Nikamwambia nitamsomea baadaye, nina nguo za kufua. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbachao nilikuwa nimeshautupa nje, tena mbele ya mwenyewe.

Kesho yake ndiyo Ijumaa hiyo. Mume wangu, Athumani, alikuwa ametoka msikitini, ana ruhusa ya nusu siku kazini kwake bandarini. Nilimwinua Rukia nimvishe nguo, nikaona midomo yake imekuwa ya kijivu. Nikamtazama kucha, nazo vile vile. Hakuwa analia. Alikuwa anahema mbio mbio, ananitazama. Nikapiga ukelele, jirani akatoa gari yake, tukavuka daraja kwenda hospitali, Athumani kaketi mbele, mimi nimempakata mtoto na mavyaa kando yangu anasoma kila dua aliyoijua.

Daktari alimtoa mtoto damu kwenye mkono. Wallahi, mwanangu, damu ile ilikuwa rangi ya kahawa. Aliiinua kwenye mwanga, akatugeukia sote watatu.

"Mtoto huyu amepakwa nini, au amelishwa nini? Niambieni upesi."

Nilijua. Sikuwa na shaka hata chembe, kwa sababu tangu alfajiri nilikuwa nimempaka mara tano. Lakini nilimwona mume wangu, nikamwona mavyaa niliyemwambia imeandikwa yote, aibu ikanikaba. Katika kunyamaza kwangu Athumani akamgeukia mamake.

"Ni hicho kidole chako, Mama! Tambuu na chokaa kutwa, kisha unakitia kinywani mwa mtoto!"

Mavyaa alinitazama mimi. Hakunikazia macho, alinitazama kama mtu anayemngoja mwenzake avae viatu watoke. Nami nikaangalia sakafu.

"Ikiwa ni mimi," akasema, "Mungu anisamehe." Akatoka akaenda kukaa kwenye benchi la nje.

Daktari alikuwa ameshaingia nyuma ya pazia na mtoto. Nilimfuata, na huko, kwa sauti ya chini ili mume wangu asisikie, nikamweleza habari ya tyubu. Alinisikiliza huku mikono yake inafanya kazi. Wakampa Rukia hewa, wakamdunga sindano, na kabla ya magharibi midomo yake ilikuwa imeanza kurudi rangi. Nililia.

Baadaye daktari alinieleza bila ukali, na upole wake ndio ulionichoma. Alisema ndani ya ile dawa mna ganzi, ile ya kufisha maumivu. Mtu mzima huistahimili, lakini kwa mtoto mchanga ikizidi huifanya damu ishindwe kubeba hewa. Tena ikishuka kooni, koo nalo hufa ganzi, mtoto asimeze sawasawa. "Umefanya vizuri kusema," akaniambia. Alidhani nimewaambia na wenzangu.

Sikuwaambia. Hapo ndipo lilipo kosa langu, mwanangu. La tyubu lilikuwa ujinga, na ujinga husameheka. Tuliporudi nyumbani Athumani alimkataza mamake kumgusa mtoto, nami nilikuwepo na sikufungua kinywa. Niliitoa ile karatasi chini ya mguu wa meza nikaisoma peke yangu. Ilisema wazi isipakwe mtoto mchanga wa umri ule, na hata mkubwa wake asipakwe mara nyingi kwa siku. Nikaitia jikoni, ikaungua.

Mavyaa aliacha tambuu. Baada ya majuma kadhaa kidole chake kikarudi rangi yake, na bado mtoto hakupewa. Rukia alipoanza kutambaa alikuwa akimwendea nyanyake mkekani, na yule mama anaificha mikono ndani ya leso, anamwimbia tu. Nilikuwa naliona hilo nikiwa jikoni. Kila siku nilisema nitasema kesho. Hakunisengenya kwa jirani, hakunisuta, hakumwambia mwanawe. Kisha akahamia Likoni kwa binti yake, nami nikajiwekea ahadi kwamba Idi ikifika nitakwenda kumwangukia miguuni. Hakuifikia Idi.

Matanga yalipokwisha nilimwambia mume wangu. Akaniuliza, "Yeye alijua?" Nikasema alijua. Akainuka akaenda kutawadha, na wakati wa sala ulikuwa bado. Aliishi nami kwa wema mpaka alipofariki, lakini jina la mamake hakulitaja tena mbele yangu. Majuto ni mjukuu, wanasema, nami mjukuu huyo nimemlea miaka mingi.

Kwa hiyo nipe hiyo tyubu, mwanangu. Usimpake mtoto mchanga dawa yenye ganzi, hata kama jirani kaisifu, hata kama inanukia matunda. Dawa yoyote, soma karatasi yake kabla ya kuifungua, na usipoielewa muulize mwenye ujuzi, umwambie umri wa kweli wa mtoto. Ufizi ukimuuma, nawa mikono umsugue, au mpe kitambaa safi chenye ubaridi. Atalia kidogo, kuota jino si ugonjwa. Akipata homa kali au akikataa kunyonya, usisingizie meno, mpeleke hospitali. Wala usidhani nakwambia kila cha zamani ni chema: usimpake asali kabla hajatimiza mwaka, na yeyote atakayekuja na wembe kukwambia mtoto ana meno ya plastiki, ati ayang'oe, mfukuze. Na daktari akikuuliza umempa nini, sema yote, hapo hapo, mbele ya yeyote aliyepo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi ya wakati ule yalikuwa kiburi changu.

Mola akukuzie mwanao, amwoteshe meno yote kwa salama. Akupe na wewe ulimi mwepesi wa kusema "ni mimi," na ulitamke neno hilo wakati yule unayepaswa kumwambia angali hai.