Neno Lililomtoka Wangu

Wangu alikuwa msusi huko Lanet, na Jumapili baada ya kanisa aliimba. Rafiki yake Kamaljit, ambaye baba yake aliuza vitambaa mjini Nakuru, alikuwa amepanga kinanda, kompyuta na maiki kwenye stoo ya nyuma ya duka, akabandika trei za mayai ukutani ili sauti isirudi. Hapo ndipo waliporekodi nyimbo zao, bila kampuni wala promota.

Katikati ya mwaka 2007, wakirekodi wimbo mmoja wa polepole, Wangu alisahau mstari. Hakutaka kuukatiza mdundo, na mdomo wake ukatoa neno ambalo hakuwahi kulisikia: shelindo. Akaliimba kiitikio kizima, kisha akacheka, akaomba warudie. Kamaljit alisikiliza tena akiwa amefumba macho, akakataa kulifuta.

Redio moja ya hapo mjini ikaucheza. Kufikia Oktoba, mteja aliyeketi akisukwa alimwuliza mwenzake niaje, na mwenzake akajibu kwamba yuko shelindo tu, yaani yuko sawa, roho imetulia. Wangu alibaki na kitana mkononi. Hakuna aliyekuwa amewapa maana hiyo. Hata yeye hakuwa nayo.

Kisha uchaguzi ukaja, na Januari nyumba zikachomwa, watu wakifukuzwa kwa ajili ya kabila zao. Mambo yalipopoa kidogo, Wangu alienda kwenye kambi ya waliofurushwa, pale uwanja wa maonyesho, kuwasuka akina mama bure. Mmoja wao, Nyakio, alikuwa ametoroka Elburgon akiwa mjamzito, akajifungulia ndani ya hema. Mtoto alipoanza kulia, alimbembeleza: "Nyamaza, Shelindo. Nyamaza."

Wangu akaacha kusuka. Akamwuliza jina hilo amelitoa wapi.

Nyakio alieleza kwamba mtoto alipewa jina la nyanyake, kama desturi, lakini hilo ndilo wote kambini walilomwita. Siku ile walitoroka kwa lori la mbao, watu wasiojuana, kila mmoja akiogopa kufungua mdomo, maana matamshi yangefichua kabila lake. Halafu msichana mmoja akaanza kuimba chini kwa chini ule wimbo wa redioni. Mwingine akaitikia, na mwingine, mpaka lori zima.

"Sijui ni lugha gani," Nyakio alisema. "Lakini hiyo siku, neno hilo tu ndilo lililokuwa halina kabila."

Wangu hakumwambia. Aliona kwamba akisema neno ni lake atakuwa anadanganya. Aliomba kumbeba mtoto, akamtazama kwa woga, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha madhabahuni.

Kamaljit alipoelezwa, alizima mashine, akasema siku hiyo hawatarekodi.

Baadaye Wangu alijaribu kutunga maneno mengine kwa makusudi, mengine matamu zaidi. Hakuna hata moja lililoshikwa na watu. Nyakio naye alipata pa kuishi Ndabibi, na huko, Wangu alisikia, majirani wote walimwita Mama Shelindo.