Mzee wa Karate Aliyesema Kimvita

Juzi, nikingoja hina ya bi harusi ikauke, nilifungua simu nikakutana na filamu niliyodhani imepotea duniani. Kijana nilimjua kwa kifurushi chake cha nguo, hata kabla hajageuza uso. Anafika kijiji cha milimani, hajui mtu, anapokewa na mzee mmoja na mkewe wanaojua karate kuliko jeshi zima. Safari hii chini kulikuwa na maandishi ya Kiingereza, na hicho Kiingereza changu kidogo cha shule kilinitosha. Basi nikafika pale mzee anapomkalisha kijana jikoni na kumwambia yale maneno ambayo mimi nimekua nayo. Nikasoma maandishi. Mzee alikuwa akimweleza namna ya kuosha mchele.

Nilicheka mpaka bi harusi akaniuliza kama nimemchora vibaya. Kisha machozi nayo yakaja, yenyewe tu.

Ngoja nikueleze. Nilikuwa darasa la tatu hivi mama alipopata kazi Arabuni. Tulikuwa tukikaa Tudor, mimi na yeye, kwenye fleti. Akanifungia nguo zangu akanipeleka Kibokoni kwa nyanya, mamake. Ni mwendo mfupi wa tuktuk, lakini kwangu ilikuwa nimehamia nchi nyingine. Huko milango ilikaa wazi mchana kutwa, na ukipita barazani sharti umsalimie kila aliyekaa, mmoja mmoja, umuulize na wa nyumbani kwake. Mimi salamu zilinikwama kooni. Watoto wakaniita Bi Bubu.

Lililomuumiza nyanya si hilo. Kila Ijumaa kabla ya magharibi mama alipiga simu, na kila Ijumaa nilikataa kusema naye. Nilijifungia chooni mpaka simu ikatike. Nilishaamua moyoni kwamba mama amenitupa, na mtu aliyekutupa humsemeshi. Nyanya hakunipiga wala hakunigombeza. Alinipa kazi tu: kumenya viazi vya karai alivyouza jioni, kukoroga unga wake, kukamua ukwaju. Vidole vyangu vilikuwa vya manjano ya bizari hadi darasani.

Sasa, jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa fundi wa redio na televisheni. Kila deki aliyoitengeneza aliijaribu kwa sidii ileile moja, hiyo ya karate, na aliijaribu Ijumaa baada ya alasiri kwa kuwa ndipo watu wapo. Televisheni aliiweka dirishani ikatazama uchochoro. Wanaume walikaa barazani, watoto mkekani, kina mama mlangoni kwa nyanya na nyungo za mchele mapajani. Filamu ilikuwa ya Kichina, na fundi hakujua Kichina hata neno. Lakini alitafsiri. Alitafsiri yote, kwa Kimvita cha ndani kabisa, na kila wiki maneno yalibadilika. Watoto wakilalamika kwamba wiki iliyopita mzee alisema mengine, fundi aliwajibu bila kugeuka kwamba leo mzee ameamka vibaya.

Nyanya alibishana na mzee yule kama jirani. Kijana akibebeshwa maji kupanda mlima, utamsikia, "Mpe mwana wa watu chakula kwanza. Yuwakonda."

Na fundi, kwa sauti ya mzee, "Bibi wa mlangoni, hivyo viazi vyako vikiiva atakula."

Uchochoro mzima ulicheka. Hata mimi nilicheka, ila nilificha kwa kiganja.

Ijumaa moja, wakati wa simu ulikuwa umekaribia na mimi nilishaanza kukunja miguu niinuke nikajifungie. Hapo mzee akamkalisha kijana jikoni. Fundi akashusha sauti, wala hakuigiza.

"Mbona waniangalia hivyo? Wadhani mamako amekutupa? Kitu cha kutupwa hakiletwi kwa watu, chapelekwa jaani. Wewe umewekwa amana kwetu. Na mwenye amana yake yuwauliza kila wiki kama i salama. Sasa nani wa kumjibu?"

Tukangoja nyanya abishe. Nyanya hakusema kitu, alikuwa akichagua mchele, kichwa chini. Kijana wa filamu naye akainamisha kichwa, nikaona kwamba amefahamu.

Simu ilipolia, niliingia ndani. Nyanya alinifuata akanipa bila kuniangalia. Nikamsikia mama, "Haloo, haloo," kama aliyezoea kusema na hewa.

"Mama," nikamwambia, "mimi niko salama. Wewe umekula?"

Akaanza kulia, nami nikamngoja amalize. Nje fundi alikuwa ameizima televisheni katikati ya ngumi, na hakuna mtoto aliyelalamika.

Miaka yote hii niliamini ni yule mzee wa Kichina aliyeniambia. Nilimpenda, wallahi, kama babu yangu. Sasa nikikumbuka nyanya alivyonyamaza, yeye ambaye hakuwahi kumwachia mzee neno, naona kwamba walishauriana. Lile la amana nani alilitunga, fundi au nyanya? Mama hajui, na wa kuulizwa hawapo tena. Nyanya alitangulia, fundi akamfuata. Nyumba ya fundi sasa yalaza watalii, na dirishani wameweka maua. Mimi nina ndoto zangu za kutia filamu za kigeni maneno yetu, siku moja, Mungu akipenda. Wenzangu hunicheka, nami hucheka nao.

Ile filamu niliitazama hadi mwisho. Mwisho wake ni mzuri, kijana anashinda. Lakini ilipokwisha nilibaki na simu mkononi, nikingoja mtu abishane nayo.