Bisi za Shamsa na theluji ya babake

Leo mwanangu kalia kwa bisi zisizoliwa.

Shamsa katimiza mwaka. Tukamfanyia hol-hol, sherehe ya mwaka wa kwanza, hapa Ibra, Oman, bibi yake akammwagia bisi na peremende kichwani.

Babake yuko Ulaya, anapiga picha za mashindano ya dunia ya kuteleza kwenye theluji.

Lakini aliahidi simu ya video, na wallahi akapiga. Kasimama mlimani, kamera shingoni, theluji inamwangukia kofiani.

Shamsa akaona vyeupe kichwani kwa baba. Akadhani na yeye anafanyiwa hol-hol.

Akachokoa kioo cha simu kwa kidole, akakitia mdomoni. Hamna kitu. Akaangua kilio.

Baba akacheka. "Mama Shamsa, mwambie hizi za baridi." Kisha akageuza uso.

"Mtu anashuka, habibti. Lazima nimpige picha."

Simu ikazima.

Mtoto akachukua bisi moja kwenye nywele zake, akaibandika kwenye kioo cheusi.

"Baba."

Bibi yake akajitia kwenda jikoni. Mie nikabaki na simu mkononi.

Babake atarudi baada ya wiki mbili, inshallah. Bisi ile nimemwekea kwenye kikombe.

Nyie wenye waume wa safari, mtoto akimpa baba kitu kwenye simu, mnampokelea nyie?