Mtungi wa Nne

Kilonzo aliniambia, nami nikaamini kama ninavyoamini kwamba jua huchomoza mashariki, kuwa jeshi lilikuwa likitutazama kupitia kompyuta za Yussuf. Ukishinda mchezo mara saba mfululizo bila ngome yako kubomolewa, alisema, taa nyekundu inawaka mezani kwa mkubwa fulani huko Nairobi, na lori la kijani linatumwa kukuchukua ukawe jenerali. Mimi na Kilonzo tulikalia dawati moja darasa la saba, na yeye alikuwa na binamu aliyewahi kufika Nairobi, kwa hiyo ushahidi ulikuwa umetimia. Isitoshe, malori ya jeshi yalipita Mwingi kila mara yakielekea Garissa. Kila moja lilipopunguza mwendo kwenye matuta, nilikuwa napangusa viatu.

Saiba yenyewe, yaani hizo kompyuta za kulipia, ilikuwa chumba nyuma ya duka la Yussuf, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye jamaa zake walitoka kaskazini mashariki. Ilinuka udi, jasho na ngozi mbichi zilizoanikwa uani, na kompyuta zake nne zilinguruma kama posho mill inayosaga mahindi. Mchezo ulikuwa mmoja tu. Unapewa watu watatu na shoka. Unawatuma wakate miti, wachimbe dhahabu, walime, wajenge nyumba, halafu uunde jeshi ukavunje ufalme wa jirani kabla hajavunja wako. Sisi tulizoea drafti ya vizibo vya soda, ambapo mzee anaweza kufikiri kete moja mpaka chai ipoe. Huku hakuna zamu. Wewe ukikuna kichwa, adui anakata miti. Leo watu hubishana mchezo upi wa aina hiyo ni bora kuliko yote tangu dunia iumbwe. Nimejaribu mingi, na jibu ninalo: ni ule wa Yussuf, na anayepinga aje Mwingi tumalizane. Palikuwa na kitufe kilichomulika mtu wako yeyote akisimama bila kazi. Mimi sikuvumilia uvivu. Nilimbonyeza papo hapo, nikamtuma porini. Nilikuwa mtawala mkali kuliko Farao.

Mwaka huo mvua ilitusahau. Bwawa likawa sahani ya matope yaliyopasuka, na maji yakapatikana mtoni tu, ambako unachimba mchanga kwa bakuli mpaka shimo likufike kiunoni, kisha unangoja yajikusanye tone kwa tone. Nyumbani tulipokezana zamu, mimi na dada yangu Mwende, aliyekuwa darasa la nane na mtihani ukimkaribia. Punda wetu alibeba mitungi minne: wa kunywa, wa kupikia, wa mbuzi, na wa nne wa kuoga na kufua. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na mimi niliuona mzigo wa nyumba nzima kuwa usufi. Katika kiangazi kile Yussuf alihitaji maji ya chai na ya kutawadha kuliko alivyohitaji kitu kingine chochote. Mtungi mmoja ukanipa kiti mbele ya kompyuta. Hakuniuliza nimeutoa wapi, nami nilimwambia mama amemtumia salamu.

Siku za zamu yangu, punda alifika nyumbani na mitungi mitatu ya maji, wa nne mtupu. Mama aliihesabu kwa macho.

"Muthui, mbona wa nne mtupu?"

"Punda alijikwaa, mama. Ukamwagika."

"Huyu punda hujikwaa zamu yako tu? Au hakupendi?"

Mwende hakungoja nimalize uongo wangu. Alifunga daftari, akavaa kichwani ukanda wa kubebea na kurudi mtoni kuujaza mtungi wa nne, akaubeba mgongoni mwenyewe, wakati wenzake wamebaki shuleni kwa masomo ya jioni. Nilimwahidi kwamba nikiwa jenerali nitamletea lori la maji mpaka mlangoni, alifungue kwa mfereji kama bia ya harusi. "Sawa, jenerali," alinijibu, akaenda zake. Niliichukua kuwa heshima.

Jumamosi moja nilishinda mara ya saba. Naapa chumba kizima kilisimama. Hata mbuzi uani walinyamaza. Kabla sijapumua, breki zikalia nje. Lori la kijani lilikuwa limesimama mlangoni pa duka.

"Wamekuja!" Kilonzo alipiga kelele. "Si nilikuambia? Funga kifungo cha juu!"

Nilitoka, nikasimama wima, nikapiga saluti iliyonitoa machozi.

"Niko tayari, afande!"

Askari alinitazama toka kichwani hadi vidoleni. "Tayari kwa nini, kijana? Leta maji. Rejeta imechemka."

Mtungi wetu ulikuwa palepale mlangoni, Yussuf hajaumimina bado. Niliunyanyua peke yangu, nikaumwaga wote kwenye rejeta, mvuke ukinipanda usoni kama uvumba. Nilipogeuka, Mwende alikuwa ng'ambo ya barabara, ukanda kichwani, mtungi mwingine mtupu mgongoni, njiani kwenda mtoni. Aliangalia kile kitambaa chekundu ambacho mama alikuwa amekifunga kwenye mkono wa kila mtungi wetu. Akaniangalia mimi. Kisha akainamisha kichwa, ukanda ukakaza, akaendelea na safari.

Lori liliondoka. "Hilo lilikuwa jaribio," Kilonzo alininong'oneza. "Wanapima moyo kwanza." Nami, Mungu anisamehe, nikakubali. Mchana ule nilirudi ndani nikacheza tena.

Mwende alianguka mtihani, akarudia darasa la nane. Mama alisema kichwa chake kizito. Nilikuwa nimekaa hapohapo, nakula muthokoi, na nilijua uzito ulikuwa wapi. Sikufungua mdomo. Yeye naye hakunisema. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguoni mwake nilikuwa mimi. Mwaka uliofuata alipita vizuri, akasoma mbele. Mimi niliacha shule nikingoja lori, na cheti changu nimekuja kukipata juzijuzi kwa masomo ya usiku, nikiwa na ndevu nyingi kuliko mwalimu.

Sasa Mwende anaishi Kiboko, anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti, kwenye mbegu zinazovumilia ukame. Desemba iliyopita alitualika, na baada ya chakula niliwachekesha wageni wake kwa kisa cha lori. Nilipokisimulia, malori yakawa kumi, na helikopta juu. Maji yakawa ya Yussuf. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nikabeba sahani jikoni nikiwa bado nacheka, nikamkuta Mwende kwenye sinki, bomba limefunguliwa, maji yanamiminika tu, safi, kama hayajawahi kumgharimu mtu chochote. Nilitaka kusema neno ambalo nimelibeba miaka yote hii. Badala yake mdomo wangu ukatoa ule mzaha wa kawaida.

"Lakini nani ajuaye, Mwende? Labda kule Nairobi waliniona kweli."

Alifunga bomba, akakausha mikono.

"Muthui, kompyuta za Yussuf hazikuwa zimeunganishwa na mahali popote. Hakuna aliyekuwa anakuona. Mimi tu ndiye niliyekuona."